Jibu kwa prodyuza wa Moshi: studio usiuze, ila biashara ya biti iache

Swali nililotumiwa, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nina studio ndogo hapa Majengo, Moshi, chumba kimoja, kompyuta, maiki mbili na spika. Zamani madogo walikuwa wanakuja kila siku kuchukua biti, saivi wanakuja na biti wametengeneza kwenye simu kwa hizi AI wanataka niwarekodi sauti tu tena kwa bei ya kutupa. Nyimbo nilizopandisha mtandaoni hela inayorudi haifiki hata ya bando. Mshikaji wangu mchoraji na yeye analia hivyo hivyo. Kuna mtu anataka kuninunulia vifaa vyote. Nasikia huko nje wasanii na maprodyuza wanapanga upya mustakabali wa sanaa, wao wanafanyaje? Niuze au nikomae?"

Marahaba mdogo wangu, pole na kazi.

Usiuze. Ila hiyo biashara ya kuwapa madogo biti inayofanana na kila kitu kinachopigwa redioni, hiyo izike kabisa, hairudi. Mashine inafanya kazi hiyo kwa sekunde na haidai chakula cha mchana, ukishindana nayo kwenye bei utakufa njaa mwaka huu huu. Swali lako la kweli ni hili, una nini ambacho yule dogo hawezi kukitoa kwenye simu yake? Na kwa mtu aliyeko Moshi jibu ni vingi, vingi kuliko unavyofikiri, nitakuja huko.

Kwanza uelewe ukubwa wa mafuriko yenyewe. Deezer, ile huduma ya muziki ya Ufaransa, Novemba 2025 walisema wanapokea nyimbo zaidi ya 50,000 kwa siku ambazo zimetengenezwa na akili mnemba, hiyo AI, mwanzo mwisho, yaani karibu theluthi ya nyimbo zote zinazopandishwa kwao. Sasa angalia upande wa pili ambao watu hawausimulii, hizo nyimbo zinachukua kama nusu ya asilimia moja tu ya usikilizaji wote, na tena wakasema hadi asilimia 70 ya huo usikilizaji ni wa udanganyifu, ni mitambo inajisikilizisha ili mtu avune hela. Kwahiyo mashine inajaza ghala lakini watu hawajahamia huko. Tatizo lako ni kwamba wimbo wako na wewe umelala kwenye ghala hilo hilo na hakuna mtu aliyeambiwa upo.

Na hela ya kustrimu, yaani ya watu kusikiliza mtandaoni, usiisubiri kama mshahara. Watu wengi wanadhani kila mtu akisikiliza kuna bei imepangwa, hapana, hela za wanaolipia mwezi pamoja na za matangazo zinawekwa fungu moja alafu linagawanywa kulingana na nani kasikilizwa kiasi gani, na msikilizaji wa Tanzania analipia kidogo kuliko wa Uingereza kwahiyo fungu la huku ni dogo tangu mwanzo. Alafu Spotify tangu 2024 wimbo ambao haujafikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu kwa ile hela ya rekodi. YouTube nao, ili upate mgao wa matangazo kwa video za kawaida wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Hivyo vitu ni vya kujitangaza, pandisha, usiache, lakini kodi ya chumba usiipangie humo.

Sasa huko nje wanafanyaje. Kuna kelele nyingi, mimi nakupa matatu ambayo naona yana uzito.

La kwanza ni haki, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndipo sisi watu wa Kaskazini tunapoumizwa sana. Juni 2024 kule Marekani lebo tatu kubwa, Universal, Sony na Warner, ziliwapeleka mahakamani Suno na Udio, wale wa programu za kutengeneza nyimbo, wakisema mmefundishia mashine zenu kwa rekodi zetu bila ruhusa. Imefika Oktoba 2025 Universal akamalizana na Udio, Novemba Warner akamalizana na wote wawili, wakakubaliana kufanya biashara ya leseni. Unaona kilichotokea pale? Aliyekaa mezani ni mwenye karatasi inayosema hii masta, yaani rekodi halisi ya wimbo, ni yangu. Waigizaji wa Marekani nao 2023 waligoma siku 118, na mojawapo ya mambo waliyokuwa wanapigania ni kwamba sura na sauti ya mtu isinakiliwe na kompyuta bila yeye kukubali na kulipwa. Tena Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikaandika Januari 2025 kwamba mtu akiiandikia mashine maelekezo tu, bila mchango mwingine wake, hapati hakimiliki kwa kile kilichotoka. Kwahiyo yule dogo anayekuletea biti ya AI ajue anaweza kuwa anajenga juu ya kiwanja ambacho hana hati, mwambie kabla hajalipia video.

Sisi hapa tulishapita kwenye tanuru hili wakati wa kaseti. Msanii anatoka Chuga, yaani Arusha, au Moshi anapanda basi na masta yake mpaka Kariakoo, anamkuta msambazaji, anapewa hela ya mkupuo mara moja, kaseti zinauzwa nchi nzima miaka na miaka na yeye hajui ziliuzwa ngapi. Baadaye ikaja miito ya simu, sehemu kubwa ikabaki kwa kampuni na watu wa kati. Saivi ni strimu. Mfereji unabadilika ila anayekunywa kwanza ni yule yule mwenye bomba, na msanii asiye na karatasi anabaki kusifiwa tu.

Kwahiyo kitu cha kwanza nataka ufanye hakihitaji hata umeme. Chukua karatasi moja, kwa kila wimbo unaotoka kwako andika jina la wimbo, tarehe, nani kaandika mashairi, nani kaleta melodi, nani katengeneza mdundo, nani kaimba, kila mmoja asilimia yake mpaka ifike 100, chini yake masta ni ya nani, akaunti ya usambazaji inasimamiwa na nani na nenosiri anashika nani, alafu mstari mmoja mwingine useme sauti ya mwimbaji isitumike kutengenezea sauti bandia bila ruhusa yake ya maandishi. Wote wasaini siku hiyo hiyo kabla hawajatoka mlangoni, piga picha, tuma kwenye grupu la WhatsApp la wahusika. Usisubiri wimbo upate jina, ukishapata jina kila mtu anakumbuka yake. Namfahamu mwimbaji wa hapa Arusha ambaye wimbo wake ulitrendi vizuri tu, akaunti ilikuwa ya aliyekuwa meneja wake, wakakosana, mpaka leo hela inaingia kwa meneja na yeye hana hata karatasi ya kumwonyesha wakili. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mwenye kazi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, ni ulinzi mkubwa sana, lakini sheria haiwezi kukisia mwenye kazi ni nani kama nyie wenyewe hamkuandika. Kasajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na BASATA, baraza la sanaa, nako kamilisha usajili wako, ni usumbufu kidogo lakini siku ya ugomvi au siku ya tenda ndio utashukuru.

Na biti za kununua mtandaoni zile za leseni ya wengi, kuwa nazo makini. Biti moja wanauziwa watu mia, mmoja wao akiiingiza kwenye mfumo wa YouTube unaotambua nyimbo ni za nani, video ya msanii wako inapigwa madai na matangazo yanalipa mtu mwingine kabisa aliyeko huko sijui wapi.

La pili ni watu kukutana ana kwa ana. Angalia ABBA, wale wazee wa Sweden, tangu Mei 2022 wana shoo London ambapo wanaonekana kwenye jukwaa kama vijana, ni picha za kompyuta tupu, pesa nyingi mno zimetumika pale. Lakini pembeni ya hizo picha kuna bendi ya watu kumi wanapiga laivu kila shoo. Waliojenga ule mtambo waliona kabisa kwamba bila mtu anayetoka jasho pale mbele ukumbi unapoa. Na jirani zetu wa Sauti za Busara pale Zanzibar tangu 2004 msimamo ni ule ule, muziki wa laivu, hakuna kuimbia juu ya CD, na watu wanapanda ndege kuja kusikiliza. Ila wao pia wanatufundisha upande mchungu, 2016 tamasha halikufanyika kwasababu fedha hazikutosha. Shoo inayotegemea mfadhili mmoja au wawili ina afya ya mashaka hata kama ni maarufu duniani.

Ndio inakuja la tatu, ambalo huko wanaliona jipya na sisi tunalo tangu zamani: hadhira inalipa kabla. Huko wana tovuti za michango, Kickstarter tangu 2009, Patreon tangu 2013, mtu anachangia kazi ambayo bado haijatoka kwasababu anampenda msanii na anataka kuwa sehemu yake. Sasa nikuulize, uzinduzi wa albamu ya kwaya ni nini? Kamati inakaa, kadi zinachapwa, michango inaanza mapema kulipia studio, mgeni rasmi anaalikwa, siku yenyewe watu wananunua albamu kwa ahadi, mwingine anainuka anasema yeye na familia yake wananunua kwa laki, mwingine anatoa mbuzi anapigwa mnada. Kabla nakala haijafika sokoni gharama zimesharudi. Mustakabali wanaouchora huko kwenye makongamano, mama zetu wa kwaya wanauendesha kwa daftari la mhazini.

Hapo ndipo studio yako inapotakiwa kuhamia. Upo Moshi mdogo wangu! Anza hapo Majengo, nenda Pasua, Kiborloni, alafu panda Machame, Marangu, Kibosho, Kilema, kila usharika wa KKKT, Walutheri, una kwaya kuu, vijana, uinjilisti, akina mama, na kwa Wakatoliki kila parokia na vigango vyake. Wana nyimbo zao wenyewe, wana mwalimu, wana mhazini, wana ratiba, na sauti zile hakuna mashine inayoweza kuzitoa kwasababu ni watu thelathini waliozeeka pamoja wakiimba. Wengi wao wakitaka kurekodi wanahangaika kutafuta studio mbali, na wakifika wanaingizwa wanne wanne kwenye kachumba, sauti zinanyooshwa na programu mpaka soprano wa miaka 50 anasikika kama roboti.

Wewe usiwalete chumbani, wafuate. Chukua laptopu, saundi kadi (kile kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ya maingizo manne, hizo maiki zako mbili kama ni kondensa, zile zinazonasa sauti ya mbali, na stendi ndefu, azima kama huna. Nenda kanisani kwao siku ya mazoezi uwasikilize tu kwanza, tembea, piga kofi ujue mwangwi unakaa wapi. Siku ya kurekodi maiki mbili ziweke mbele juu kuliko vichwa, mita mbili tatu kutoka mstari wa kwanza, maiki ya tatu ya kuazima kwa mwimba solo pembeni, kinanda kiingie moja kwa moja kwa waya. Waimbaji wa besi na tenor wapange nyuma, wale wenye sauti kali warudishe hatua moja badala ya kuwaambia waimbe taratibu, ukimwambia mtu wa kwaya aimbe taratibu anaharibika kabisa. Zima feni, zima friji ya ofisini kama ipo karibu kwasababu ule mngurumo utausikia nyumbani usiku ukiwa unamiksi na hautatoka. Laptopu iende kwa betri. Na angalia mvua, makanisa yetu mengi ni bati, masika ikishaanza Machi mpaka Mei unaweza kupoteza jioni nzima, mimi ningewapangia kuanzia Juni. Rekodi wimbo mzima mara tatu wakiwa wamesimama, chagua uliobora, usikate vipande vipande. Ule mwangwi wa kanisa lao uache, ndio unamfanya mtoto wao aliyeko Dar au Marekani alie akisikia.

Masta iwe ya kwaya, ningekuomba usiwe na tamaa hapo. Wewe chukua malipo ya kazi na asilimia mnayokubaliana ya mauzo ya mtandaoni maana utawasimamia akaunti, kila kitu kwenye ile karatasi.

Tena wana makaseti ya zamani kwenye makabati, hii nakuambia kwa uhakika maana kila nyumba ya mzee wa kanisa ninayoingia nayaona. Hapo sasa akili mnemba iwe kibarua wako. The Beatles 2023 walitoa wimbo ambao sauti ya John Lennon ilikuwa kwenye kaseti ya nyumbani, imechanganyika na piano na kelele, programu ikaitenga sauti ikabaki safi. Programu za kutenganisha sauti na vyombo saivi zipo mpaka za bure. Kwaya iliyorekodi miaka ya 80, nusu ya waimbaji wameshatangulia mbele za haki, watoto wao watalipia kusikia hizo sauti zikiwa safi, na utakuwa umefanya kazi ambayo hakuna taasisi imeifanya kwa hiyo kwaya. Teknolojia inayosaidia sauti ya mtu isikike naipokea kwa mikono miwili, ile ya kumfanya asihitajike siitaki studioni kwangu.

Soko lingine lipo mlangoni, kampuni za utalii za Arusha na Moshi. Kila siku wanapandisha video za mlima na mbuga, wanaweka nyimbo za watu, zinazimwa sauti. Tengeneza midundo yako ya asili, matarumbeta ya harusi zetu, ngoma za Kichagga, waimbaji wa Kimaasai, kwa ruhusa na malipo yao, uwauzie kampuni leseni ya mwaka. X Plastaz wa hapa Arusha walishaonyesha hiyo njia tangu enzi zile, waliweka uimbaji wa Kimaasai wa Yamat Ole Meipuko kwenye hip hop wakazunguka nao Ulaya, kwasababu walibeba kitu ambacho Ulaya hakipatikani.

Shoo za laivu, tumia kalenda ya kwenu. Desemba Uchagani kunajaa, watu wanarudi kutoka kila kona na hela za sikukuu na hawana pa kwenda jioni zaidi ya baa. Kilimanjaro Marathon ikifika mwishoni mwa Februari mji unajaa wageni wanaolala siku mbili tatu. Na AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, Arusha nako kuna uwanja ulioanza kujengwa kwa ajili yake, mashabiki watataka burudani usiku. Usianze na uwanja wa Mandela, anza na ua wa watu themanini, tiketi kwa Lipa Namba wiki mbili kabla, ukiona hazijafika nusu unaahirisha mapema bila madeni.

Mshikaji wako mchoraji mwambie hivi. Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 pale Dar kwa vipande vya ubao na rangi za kupakia baiskeli, akafariki 1972, na wanafunzi wake wakaja kuunda ushirika wao 1990. Ushirika ndio uliowashika, maana mtindo wenyewe unanakiliwa mpaka kesho kwenye maduka ya watalii, mtindo hauna hati, mchoro mmoja mmoja ndio una hati. Asaini kila mchoro, apige picha kabla ya kuuza, nyuma aandike mwaka na kwamba mnunuzi amenunua mchoro, haki ya kuuchapa kwenye fulana na makava ya simu imebaki kwa mchoraji. Na aje achore kava za hizo kwaya, mnafanya kazi moja.

Mwisho kuhusu vifaa na mkopo. Kompyuta mpya huhitaji. Kinachokosekana kwako ni saundi kadi ya maingizo manne, stendi na nyaya ndefu. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha wasanii, lakini nenda ukiwa na barua mbili tatu za kwaya zilizokubali kurekodi, ukienda na wazo tupu utakaa foleni. Na usikope kabla hujafanya kwaya ya kwanza kwa vifaa vya kuazima, kazi ya kwanza ndio itakuonyesha unahitaji nini hasa.

Ongea na mwenyekiti wa kwaya iliyo karibu na wewe wiki hii, Jumamosi baada ya mazoezi wanakuwa na muda. Akikubali niandikie, nitakutumia nakala ya ile karatasi ya mgao tunayotumia huku Chuga, ubadilishe majina tu.